Mficha Maradhi Ana Masikio Marefu

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kama ulilelewa na watu wa Kiswahili, methali hii umerushiwa angalau mara moja, pengine ukiwa umejifunika blanketi na homa uliyoikana kwa siku tatu. Ujumbe wake hauna kona: ukiumwa, sema. Ukinyamaza, yatakayokupata ni yako. Ni methali nzuri kwa mtoto anayeogopa sindano. Lakini ukiitazama vizuri, imebeba hukumu ambayo huwa hatuijadili. Inamweka mgonjwa kizimbani. Anayeficha ndiye mkosaji, na sisi wengine, tuliokuwa tukipita kando yake asubuhi na jioni, tunatoka kortini bila kuulizwa hata swali moja.

Nimeanza kuishuku methali hii kwa sababu ya sungura. Ninaye mmoja, anaitwa Chapo, kwa vile ana mabaka ya kahawia kama chapati iliyokaa motoni kidogo zaidi. Tunaishi bedsitter moja Kahawa West, ghorofa ya nne. Chapo ni mficha maradhi wa kuzaliwa. Hana kiburi, haogopi bili, hajui aibu ni nini. Anaficha tu, kwa ustadi kuliko binadamu yeyote ninayemjua. Na hapo ndipo methali inakwama. Kiumbe akiwa hawezi kusema kwamba anaumwa, na juu ya hilo anafanya kila juhudi usijue, wajibu wa kujua unakuwa wa nani?

Tuanze na kwa nini anaficha. Sungura wote tunaofuga Kenya, awe yule mweupe wa New Zealand mwenye macho mekundu au wa mabaka kama wangu, ni uzao wa sungura wa porini wa Ulaya, ambaye asili yake ni Uhispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Si yule Sungura wa hadithi za utotoni. Yule mjanja aliyemchezea Fisi shere ni wa nyika, binamu wa mbali, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, karibu tayari kukimbia. Huyu wetu wa kufugwa huzaliwa uchi, kipofu, ndani ya shimo. Ila wote wawili dunia imewapa kazi moja: kuwa chakula cha wengine.

Mwindaji akitazama kundi hatafuti aliye mrembo. Anamtafuta anayechechemea. Sungura aliyeonyesha kwamba mguu unauma aliliwa kabla ya kupata watoto. Aliyekaza uso akaendelea kutafuna nyasi alizaa. Rudia hiyo hesabu kwa maelfu ya vizazi na utapata mnyama mwenye macho pembeni mwa kichwa, anayeona karibu pande zote isipokuwa pale mbele ya pua yake, na anayeweza kuwa na maumivu makali huku amekaa tuli kama mtu anayesubiri matatu.

Huko porini, kuficha ni akili. Kwenye keja yangu hakuna mwewe wala mbweha. Hatari aliyoandaliwa kuikimbia haipo, lakini silaha yake amekuja nayo, na silaha hiyo sasa inamgeukia yeye mwenyewe. Ukimya uliowaokoa babu zake ndio unaoweza kumwua Chapo, kwa sababu mtu pekee aliye karibu naye si mwindaji. Ni mimi, na mimi ndiye ninayefichwa.

Na kifo chenyewe hakichelewi. Utumbo wa sungura umeundwa kufanya kazi usiku na mchana. Nyasi zinaingia, zinasukumwa, nyuzi ngumu zinatoka kama vile vidonge vikavu vya mviringo, na kilichobaki kinachachushwa na bakteria kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Baadaye anatoa kinyesi kingine, laini na chenye kung'aa, ambacho anakila moja kwa moja kutoka matakoni ili apate virutubisho vilivyosalia. Ndiyo, anakula mavi yake, na hiyo ni afya. Akiacha kula, kwa maumivu ya jino, kwa joto, kwa woga, kwa sababu yoyote ile, mtambo unapunguza mwendo. Ukipungua, gesi inajaa. Gesi ikijaa anaumia, na anayeumia hataki kula. Hawezi hata kutapika. Tumbo la sungura halina gia ya rivasi. Ndiyo maana waganga wa sungura husema kwamba asipokula wala kunya kwa muda wa saa 12, hiyo ni dharura. Saa 12 ni jioni moja umechelewa kazini na usiku mmoja umelala fofofo.

Kwa hivyo yeye hasemi, na muda ni mfupi. Je, hiyo inatusamehe? Ingetusamehe kama kweli hakungekuwa na cha kuona. Lakini kipo.

Mwaka 2012 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa sungura. Waliwarekodi kwa video sungura wa maabara walipokuwa wakichorwa alama za utambulisho masikioni, wengine wakiwa wamepakwa dawa ya ganzi na wengine bila. Kisha wakatazama nyuso. Wakapata mambo matano. Macho yanabana. Mashavu yanabonyea, yule uso wa duara unakuwa mwembamba. Tundu za pua, ambazo kwa kawaida zina umbo la herufi U, zinachongoka kama V. Masharubu yanakakamaa. Masikio yanajikunja na kugeukia nyuma. Waliopakwa ganzi walionyesha hayo kidogo.

Nikiwaza kuhusu utafiti huo, kuna kitu kinanisumbua. Hakuna aliyemfundisha sungura lugha mpya mwaka 2012. Pua hiyo ilikuwa ikichongoka tangu enzi za Warumi. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikaa chini, akatazama uso mmoja baada ya mwingine, na kuandika orodha. Tunaposema mnyama anaficha maumivu, mara nyingi tunachomaanisha ni kwamba ameyaonyesha kwa sauti ndogo kuliko tulivyozoea.

Nje ya uso pia kuna mengi. Sungura mzima husaga meno polepole ukimkuna paji la uso, sauti ndogo kama ya mtu anayetafuna njugu chumba cha pili. Anayeumia husaga kwa nguvu, unasikia kabisa. Mwenye mafua hujifuta pua kwa mikono, kwa hivyo angalia ndani ya miguu ya mbele kama manyoya yameshikana. Kidevu kikilowa mate, shuku meno, ambayo kwake huendelea kukua maisha yote na yanahitaji nyasi ngumu za kuyasugua. Magamba yakijaa ndani ya sikio, ni utitiri. Kichwa kikiinama upande mmoja kama anasikiliza kitu ukutani, tafuta daktari. Mkojo wa rangi ya chungwa pekee si lazima uwe tatizo. Mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Joto ni adui mkubwa: hatoi jasho, hupoza mwili kwa masikio, na chini ya mabati mwezi wa Februari masikio peke yake hayatoshi.

Lakini kama unataka ushahidi mmoja tu, angalia mavi. Yakiwa mengi, makubwa, ya duara, mambo yako sawa. Yakiwa madogo, yameshikana kwa nywele kama shanga, au hayapo, hakuna uso mtulivu utakaokudanganya.

Juni iliyopita ndivyo nilivyojua. Niliamka, nikainama kwenye kona yake kama kila siku, nikahesabu tembe tano ndogo mahali ambapo huwa nafagia konzi mbili. Sukuma aliyopewa usiku ilikuwa imenyauka palepale. Chapo mwenyewe alikuwa amekaa kama mkate, ametazama ukuta, na mgeni angeapa kwamba anapumzika. Masikio yalikuwa baridi. Kwa simu nilikuwa na shilingi 4,100, na mwenye nyumba alikuwa bado hajaiona kodi ya mwezi huo. Nilimtia kwenye katoni, nikapanda boda. Daktari alimpapasa tumbo, akamdunga dawa ya maumivu na maji chini ya ngozi, akanipa unga wa nyasi wa kukoroga na sirinji ya kumlisha kila baada ya saa chache. Shilingi 3,300, bila nauli. Usiku ule, kama saa nane, nilisikia kitu kidogo kikidondoka kwenye gazeti. Kisha kingine. Sijawahi kufurahia mavi kiasi hicho.

Asubuhi jirani wangu wa mlango wa pili, ambaye hufanya mjengo, alinikuta nikifua taulo la sungura. Nilipomweleza alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. "Bro, elfu tatu kwa sungura? Hiyo doo unapata wengine watatu, na wawili unachoma."

Ni rahisi kumwita katili, lakini nadhani anastahili jibu la heshima kuliko hilo. Alikuwa anauliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza: hiki ni chakula, mbona unakitibu kama mtoto? La pili, ambalo hakulisema ila lilikuwa pale kwenye ngazi: unajua kuna watu kwenye hii ploti hawajaona daktari miaka mingapi?

Nijibu la kwanza kupitia shosho yangu wa Murang'a, ambaye anafuga sungura kwa ajili ya nyama. Anawauza, mkojo wao anaumwagia mboga, na Desemba wawili watatu wanageuka kitoweo. Hajawahi kumpa yeyote jina. Lakini kabla hajakunywa chai anazunguka vibanda vyake vilivyoinuliwa juu ya miti, anainama, na kuangalia chini ya waya. Anaweza kukuambia ni yupi alikula nusu, yupi amejikuna sikio usiku, yupi hapaswi kuguswa leo. Mimi ananiita mzee wake, kwa sababu nimepewa jina la babu. Likizo moja nilimwuliza alijuaje kwamba yule wa kibanda cha mwisho ni mgonjwa na alikuwa akionekana mzima kabisa. "Mzee wangu," akasema, "uso ni wa wageni. Mavi hayadanganyi."

Upande wa pili, kuna video ambazo huzunguka mitandaoni za sungura aliyelazwa chali kwenye mapaja ya mwenyewe, miguu juu, hatikisiki. Chini watu wamemwaga mioyo: ona alivyotulia, ona anavyoamini. Sungura akilazwa chali huganda. Ni mwitikio wa woga wa mnyama aliyeshikwa, wa kujifanya mfu. Mtu yule anampenda sungura wake, sina shaka. Analia akifa. Pengine angeuza simu yake kumtibu. Lakini hajui anachokitazama.

Nikiwaweka wawili hawa pamoja, mwenye kisu anayeona na mwenye mapenzi asiyeona, nalazimika kukubali jambo ambalo halinifurahishi kama mtu mwenye sungura mwenye jina: sungura angekuwa salama zaidi kwa shosho. Angalau mpaka Desemba. Tumezoea kudhani kwamba maadili yetu kwa wanyama yanapimwa kwa ukubwa wa hisia, na kwamba anayekula hana haki ya kuzungumza. Lakini hisia za moyoni mwangu Chapo haziwezi kumfikia. Kinachomfikia ni kwamba mtu ameinama na kutazama. Kama utamla, una deni la kuhakikisha haumii kabla ya siku hiyo. Kama hutamla, una deni lilelile, tena la miaka mingi zaidi. Mwisho ulioupanga hauyafuti maumivu ya Jumanne hii.

Deni hilo linatoka wapi? Wanafalsafa wana majibu yao. Jeremy Bentham, mwaka 1789, aliuhamisha mjadala wa wanyama kutoka kwenye akili na usemi hadi kwenye uwezo wa kuumia, na tangu hapo wengi wamejenga juu ya msingi huo. Nakubaliana nao, ila sungura ananionyesha kwamba haitoshi. Kujua kwamba kiumbe anaweza kuumia si sawa na kujua kwamba anaumia sasa hivi, pale kwenye kona, ukiwa unatafuta chaja. Hata sheria inaishia mapema. Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayomshika anayempiga mnyama, anayemtwika mzigo kupita kiasi, anayemnyima chakula. Vyema. Lakini sungura wa mjini mara nyingi hafi kwa kipigo. Anafia ndani ya nyumba yenye bakuli lililojaa, mbele ya watu wasio na nia mbaya hata chembe, kwa sababu hakuna aliyegundua kwamba bakuli limejaa tangu jana.

Kwa maoni yangu deni linatoka kwenye kuhamisha. Sisi ndio tuliomtoa mahali ambapo kuficha kulikuwa na maana, tukamleta mahali ambapo kuficha ni hatari, na hatukuweza kumwambia kwamba mwewe amebaki nyuma. Hakuomba kuhama. Ukimhamisha mtu kutoka kijiji ambacho lugha yake inaeleweka, ukampeleka mji ambao hakuna anayeielewa, huwezi kumlaumu kwa kutoomba msaada. Ni juu yako wewe uliyemleta kujifunza lugha yake, kwa sababu yeye hawezi kujifunza yako. Hata kama lugha yenyewe imeandikwa kwa mavi.

Swali la pili la jirani ni gumu zaidi, na linahusu pesa. Mwandishi wa vibarua kama mimi hulipwa makala inapokubaliwa, na wakati mwingine miezi miwili baadaye. Shilingi 3,300 niliziona zikiondoka. Siku nyingine bili inaweza kuwa 15,000, na hapo nitasema hapana, na sitajidanganya kwamba upendo ungetafuta njia. Kuna mpaka. Kodi ya nyumba ni mpaka. Mama akiumwa ni mpaka. Sidhani kuna mtu anayeweza kudai kwamba sungura apewe kila kitu.

Lakini angalia jinsi wajibu unavyogawanyika. Kutibu kuna bei. Kugundua hakuna. Dakika tano za asubuhi ni bure, na ndizo zinazofanya matibabu yawe ya 3,300 badala ya 15,000, au yawe ya kubadilisha chakula tu: nyasi kavu za boma rhodes ziwe ndio mlo wenyewe, na zile peleti na karoti ziwe za kuonjesha. Maskini anaweza kutimiza sehemu hii kama tajiri. Shosho anaitimiza bila kujua daktari wa sungura anafananaje.

Hata pale pesa zinapokwisha, wajibu haufi wote. Unabaki na deni la kutomzidishia. Kuna mazoea ya kukimbilia amoksilini iliyobaki kwenye droo, kwa sababu imetusaidia sisi. Sungura akinyweshwa dawa hiyo inaweza kuwaua bakteria wema wa utumbo wake, wabaya wakachukua nafasi na kumwaga sumu, naye akafa kwa tiba. Huruma isiyouliza maswali ni hatari kama kutojali. Na kama hakuna dawa, hakuna nauli, na mnyama anateseka bila tumaini, basi mkono mwepesi wa mtu anayejua kuchinja ni wema kuliko siku tatu za kungoja muujiza kwenye katoni. Nimeliwaza hili sana na silipendi. Lakini kumwacha afe polepole ili mimi nisijione muuaji ni kuyanunua masafi ya mikono yangu kwa maumivu yake.

Nisichoweza kukihalalisha ni kutojua kwa makusudi. Namaanisha ile hali ambapo mtu anahisi kuna kitu, halafu anaamua asiinamie kona kwa sababu akiinama atalazimika kufanya kitu. "Amelala tu." "Kesho nitaona." Ukimya wa sungura unatupa kisingizio kizuri kuliko vyote duniani: hakusema.

Sisemi kwamba kumwangalia sungura kunamfanya mtu kuwa mwema kwa binadamu. Kuna watu wanaolisha paka wote wa mtaa na hawasalimii mlinzi. Lakini baada ya kuishi na Chapo nimeshindwa kulisikia neno "niko poa" kama zamani.

Yule jirani wa mjengo, miezi michache baada ya kunicheka, alianza kupanda ngazi tofauti. Alikuwa akisimama ghorofa ya pili, anatoa simu, anaitazama, halafu anaendelea. Mara ya kwanza nilidhani anasoma meseji. Mara ya nne niliona kwamba simu ilikuwa imezimwa. Kazi yao inapatikana getini saa kumi na mbili asubuhi: msimamizi anapitisha macho kwenye mstari, anachagua walio imara, na aliyeshika kiuno anaambiwa arudi wiki ijayo. Mfuko wa simiti una kilo 50. Kwenye mstari ule, anayechechemea haliwi na mwewe, ila jioni hali.

Sikumwuliza kama yuko poa, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Nilimwambia, "Bro, ukifika ghorofa ya pili mgongo unashika upande gani?"

Aliniangalia kama mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni. Kisha akaketi, palepale kwenye ngazi alipokuwa amenichekea, akasema upande wa kushoto, wiki ya tatu sasa, na mguu umeanza kufa ganzi. Kesho yake tulienda naye zahanati, na kutoka hapo akatumwa hospitali kubwa. Matibabu bado yanaendelea na sitayasimulia, ni yake. Ninachotaka kusema ni kuhusu methali. Mzee yeyote wa mtaa angemwambia: mficha maradhi. Lakini alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuficha. Getini, kusema ukweli kungemnyima chakula cha siku hiyo. Kumtaka aseme kabla hatujatengeneza mahali ambapo kusema hakumgharimu kitu ni kumtaka sungura achechemee mbele ya mbweha.

Kwa hiyo siitupi methali. Tuwafundishe watoto kusema wakiumwa. Ila tuiongezee swali ambalo haina: alificha kwa sababu ya nani? Wakati mwingine jibu litakuwa ni kiburi chake mwenyewe. Mara nyingi litakuwa ni sisi, au mahali tulipomweka.

Najua baadhi yenu mnafikiria kununua sungura. Ni mdogo, habweki, mwenye nyumba hatajua, na pale sokoni ni bei ya viatu vya mtumba. Sina ubishi na hayo yote. Ila jua kwamba akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka minane, hata kumi, na katika miaka hiyo hatakuja kukuamsha usiku kukwambia tumbo linamuuma. Kama asubuhi zako zina dakika tano za kuinama na kuhesabu mavi, hata siku za mvua, hata siku uliyogombana na mtu, mchukue. Kama hazina, mwache kwa shosho.